Golf GTI na MX-5: Buti Huamua Kabla ya Injini

Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, gari dogo la spoti, humfanya dereva atafute njia ndefu ya kurudi nyumbani. Uzito wake unazidi kidogo tu tani moja, injini ya lita 2 hutoa nguvu za farasi 184, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na gia yake ya mkono ni fupi na laini kiasi kwamba mtu huibadilisha hata pasipo haja. Katika uendeshaji sina la kuilaumu. Hata hivyo, ina viti viwili tu, buti lake la mizigo ni la lita 130, na mbele ya abiria hakuna kile kisanduku cha kawaida cha dashibodi, hivyo hati za gari huwekwa nyuma, katikati ya viti, mahali ambapo dereva hulazimika kujipinda ili apafikie. Kiti cha mtoto nacho hakina pa kukaa isipokuwa pale ambapo angeketi mwenzi wako.

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha nane haina uchangamfu huo. Ni nzito zaidi, huvutwa na magurudumu ya mbele, na vitufe vya kugusa kwenye usukani wake vililalamikiwa hadi kiwanda kikarudisha vya kubonyeza katika maboresho ya mwaka 2024. Lakini ina milango mitano, watu wazima hukaa nyuma bila kubanwa magoti, na buti lake la lita 374 hukaribia mara tatu ya lile la MX-5, hata kabla ya kulaza viti.

GTI ya kwanza ilipoingia sokoni mwaka 1976, kiwanda kilikuwa kimekusudia kuunda magari 5,000 tu. Kizazi hicho kilipokoma, yalikuwa yamezidi 450,000. MX-5, ambayo hakuna gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuishinda, ilizinduliwa mwaka 1989 na kufikisha magari milioni moja mwaka 2016, ambayo ni wastani wa takriban 37,000 kwa mwaka duniani kote.

Idadi hiyo ya MX-5 ni ndogo si kwa sababu wanunuzi hawapendi raha. Nyumba nyingi humudu gari moja, na mwenye kununua MX-5 aghalabu ana jingine la kubebea watoto na mizigo, kwa hiyo soko lake ni la wale wanaoweza kulipia bima mbili na maegesho mawili. Porsche ilipotoa Cayenne, gari kubwa la familia, mwaka 2002, wapenzi wa 911, gari lake la spoti, walinung'unika sana. Leo Cayenne na mdogo wake Macan huuzwa kwa wingi kuliko 911.

Kwa mwenye gari moja, ningependekeza GTI bila kusita. Mwenye la pili na achukue MX-5, ila aende kuijaribu akiwa na begi lake la safari.