Alethe wa Kahuzi-Biega: ufuate siafu au sauti?

Wapenda ndege wa Bukavu wakikutana, ubishi haukosi: ukimtafuta alethe wa koo jekundu, yule ndege mla wadudu anayejificha kwenye vichaka vya chini vya msitu wa mlimani katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo (DRC), ufuate siafu au utege sikio alfajiri?

Kwa gharama hazipishani sana. Kiingilio na mwongozaji utalipa vilevile. Alfajiri inaongeza tu bei ya gari la usiku, maana Tshivanga, lango la hifadhi, iko kama kilomita 30 kutoka mjini Bukavu.

Utamu uko kwenye uhakika. Siafu wakipita, panzi na buibui hukurupuka kutoka kwenye majani makavu, na alethe huwadaka hao wanaokimbia. Hapo woga humtoka kidogo, na unaweza kumwona waziwazi. Tatizo, siafu hawana makao ya kudumu. Leo wako bondeni, kesho wamehama. Bila mwongozaji anayejua nyendo zao utazunguka bure. Sauti husikika hata siafu wasipokuwepo, na utapata pia ndege wengine waoga, kama robini wa Archer. Ila kusikia si kuona.

Matayarisho? Siafu wanadai soksi ndefu zilizovutwa juu ya suruali. Sauti inadai masikio yaliyozoea (na tafadhali, usimchezee rekodi ya sauti yake kwenye simu, unamsumbua).

Mwenye kamera na siku kadhaa afuate siafu. Mwenye asubuhi moja, au anayeorodhesha aina nyingi, atege sikio. Hali ya usalama iulizwe kwanza, njia yoyote utakayochagua.