Wakili aliyetusajilia shirika la hisani
Kikundi chetu cha Kayole, Nairobi, kinachowalipia karo watoto yatima, kilitafuta msaada wa usajili katika ofisi ndogo ya wakili karibu na Mtaa wa Tom Mboya, nami naisifu kwa dhati. Wakili alitueleza kwa subira kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ndiyo inayotuongoza sasa, kisha akaisoma rasimu ya katiba yetu mstari kwa mstari, akakizungushia wino mwekundu kifungu kilichomruhusu mweka hazina kutoa fedha benki peke yake. Sisi hatukuwa tumeliona tatizo hilo. Kasoro ni moja: tulidaiwa ada ya kupiga chapa ambayo haikutajwa mwanzoni.