Unataka kujijengea amplifaya? Hizi ndizo IC za kununua, kuanzia ile ningechukua kwanza

Karibu kila Jumamosi nikipita Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, napata kijana amesimama kaunta anauliza IC, yaani ile chipu ya kukuza sauti, ya wati mia, na hana transfoma, hana hitisinki (chuma cha kupooza IC), hata spika bado. Hapo ndio pesa hupotelea. IC ndio kitu ya bei ya chini kwa hii kazi yote, transfoma ndio ghali, kwa hivyo tafuta transfoma kwanza halafu ununue IC inayoiweza.

Hesabu ni rahisi. Transfoma ya 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya ya kati, ikipita kwa bridji (dayodi nne za kugeuza AC kuwa DC) na kapasita inakupea kama volti 16 au 17 kila upande, plus na minus, ju stima inapanda karibu mara 1.4 halafu dayodi zinakula kidogo. Ya 18-0-18 inafika karibu 25. Ya 24-0-24 inafika 33 hivi. Shika hizo namba, ndizo zitakuambia ni IC gani itaungua na gani itadumu.

Namba moja kwangu ni LM1875. Ilitengenezwa na National Semiconductor ya Marekani, ile kampuni Texas Instruments walinunua 2011. Miguu mitano tu, wati 20, na inavumilia volti 60 ukijumlisha pande zote mbili, kwa hivyo 18-0-18 inaibeba bila wasiwasi. Sauti yake ni safi sana, yaani ukiweka rhumba ya zamani unasikia gitaa mbili zikiongea kila moja mahali pake. Na usidharau wati 20, kama unaishi bedsita Roysambu au Kayole na spika zako ni nzuri, hiyo ni sauti ya kufika ploti nzima. Nunua mbili, moja ya kushoto moja ya kulia.

Ya pili, TDA2030A. Hii ndio imefundisha mafundi wengi kupiga lehemu, imetoka kwa SGS wa Italia, bei yake haifiki nauli ya kwenda na kurudi Rongai, na bodi zake zimejaa kila duka. Lakini angalia hiyo herufi A mwishoni! TDA2030 ya kawaida mwisho wake ni volti 18 kila upande, sasa ukiipea 12-0-12 usiku wakati stima ya mtaa imepanda uko pale pale ukingoni, yenye A inafika 22 na unalala usingizi. Kitu napenda zaidi ni kwamba miguu yake imepangwa sawa na ya LM1875, kwa hivyo unaweza anza na hii leo, ukipata transfoma kubwa unaing'oa unaweka LM1875 kwa bodi hiyo hiyo, bora tu kapasita zako ziwe za volti 35 kwenda juu. TDA2050 nayo ni ndugu yao mwenye nguvu, shida watengenezaji walishaiacha, kwa hivyo ukiona mpya kabisa ya bei ya kutupa jiulize imetoka wapi.

Tatu ni LM3886. Kwa sauti peke yake hii ingekuwa juu ya zote, wati 68 kwa spika ya omu 4 ukiipea volti 28 kila upande, na iko na ulinzi ndani, ikipata joto sana inajikata yenyewe. Nimeishusha kwa sababu ya feki. Mimi nilinunua mbili, maandishi yanang'aa vizuri, moja ikapasuka kabla hata sijaongeza volumu na kesi ikaishia hapo kaunta, hakuna kurudishiwa pesa. Siku hizi nabeba rimuva ya kucha kwa pamba, nasugua maandishi, yakifutika kama wino narudisha hapo hapo. Angalia na miguu pia, ikiwa na mikwaruzo au lehemu ya zamani, hiyo imeng'olewa kwa mashine nyingine. Halafu kuna LM3886T na LM3886TF, hiyo TF mgongo wake umefunikwa plastiki, lakini T mgongo ni chuma na umeunganika na upande wa minus, usipoweka maika, kile kikaratasi cha kuzuia stima, kati yake na hitisinki utapiga shoti. LM1875 na TDA2030 ni hivyo hivyo.

Nne, TDA7294, ya wufa, ile spika ya besi. Wanaiuza kama wati 100 lakini hiyo ni ikiwa sauti imeshachafuka, ya kweli hesabu 70. Mwisho ni volti 40 kila upande, chukua 24-0-24 utulie, na hitisinki iwe kubwa, si kile kidude cha kompyuta mzee.

Kama uko na betri tu, labda ya solar huko ushago, ruka hizo zote uchukue TDA2003 au LA4440, zilitengenezewa redio za gari, volti 12 inatosha. LA4440 inakupea chaneli mbili za wati 6 hivi kwa IC moja. Nimeziweka nambari tano ju nguvu yao ni kidogo, si ubaya.

Mwisho kabisa ni STK, zile IC kubwa za amplifaya za zamani. Najua wazee wanazipenda, na zile za Sanyo za ukweli zilikuwa moto, lakini hazitengenezwi tena na zile mpya nimejaribu hazijawahi nimalizia mwezi. Kama umetoa moja kwa redio mzee na bado inaimba, itunze.

Ukimaliza kujenga usikimbilie spika. Washa kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, ukiikatiza kwa waya moja ya stima ili stima ipite kwake kabla ya kufika amplifaya, ikiwaka kidogo ikazima uko sawa, ikibaki inawaka kuna shoti, zima. Halafu weka mita ya volti za DC kwa waya za spika, ukisoma zaidi ya milivolti 50 bila muziki rudi kwa bodi utafute kosa kabla hiyo stima haijachoma koili ya spika yako.