Kana au jimbi la mapambo?

Kiwanja chako kikiwa mashariki ya Unguja, kwenye mawe na jua kali, panda kana, ule mmea wa maua (canna), usilisumbue jimbi la mapambo, ndugu wa majimbi ya kuliwa. Changanya samadi na udongo, mwagilia, basi. Majani yake hutoka yamejisokota kama ya mgomba, na yale ya rangi ya zambarau hukolea zaidi juani. Maua ni nyongeza tu. Shina likishamaliza kuchanua likate chini, jingine litoke.

Lakini mimi moyo wangu uko kwa jimbi la mapambo, hasa lile jeusi. Asubihi baada ya mvua litazame: maji hayalowi jani, yanakaa vidonge vidonge, ukiligusa kidogo yanateleza yote. Kana haina uzuri huo. Ila jimbi linataka unyevu wakati wote na kivuli cha mchana, kwa hiyo lipande karibu na bomba au chini ya mwembe, pahala ambapo upepo wa kusi haupigi moja kwa moja. Utomvu wake unawasha. Watoto wasiutie mdomoni.

Vyote viwili hugawanywa kwa mizizi. Ngojea masika yaanze, Machi hivi, ndipo uchimbe.