Tahadhari: Muuzaji wa rangi bandia ya kuzuia moto

Ninamwomba kila anayekarabati nyumba kwa mikono yake mwenyewe asinunue rangi ya kuzuia moto kutoka kwa yule bwana anayezunguka na ndoo zake nyeupe akifanya majaribio mbele za watu. Mimi nimekwisha kuibiwa, na ninaona aibu kubwa kulisema hili mbele yenu, hasa ninyi mlionisikia nikimsifu.

Alisimama uani kwangu akiwa na vipande viwili vya ubao na mtungi mdogo wa gesi wenye bomba la kutolea moto. Kipande kimoja kilikuwa kitupu, cha pili kimepakwa rangi yake. Alikiwasha kile kitupu kwanza, akihesabu kwa sauti, nacho kikashika moto kabla hajafika 10. Kisha akauelekeza moto uleule kwenye kile kilichopakwa, akahesabu taratibu hadi 30, na ubao ukabaki umesawijika tu. Akauchukua mkono wangu, akaubandika kiganja nyuma ya kipande kile ili nihakikishe mwenyewe kwamba kilikuwa baridi. Ubaridi ule ndio ulionimaliza. Nililipa ndoo zote papo hapo, bila hata kuomba muda wa kufikiri.

Sikuwa mjinga kiasi hicho. Rangi za namna hiyo zipo kweli, na zinatumika kwenye mbao na hata kwenye nguzo za chuma za majengo makubwa: zikipata joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi huanza kuvimba na kufanya povu zito la kaboni, ambalo huchelewesha moto kukifikia kilichomo chini yake. Nilikuwa nimeyasoma hayo, naye aliyaeleza kwa ufasaha kuliko nilivyoyasoma. Tena, baada ya moto uliotupata jikoni, nilikuwa na hofu kubwa.

Nikapanda darini. Nilisugua kenchi zote kwa msasa, nikazipaka mara mbili, nikapaka na mbao za ukingo wa paa hadi mgongo ukakataa kunyooka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alinishawishi niache kazi za maana nilizokuwa nimezipanga. Nilitaka kufunika matundu ya hewa ya paa kwa wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 3, ili cheche zinazopeperushwa na upepo zisiingie darini, akasema hauhitajiki tena. Nilitaka kuondoa dari ya mbao na kuweka jipsamu, ambayo takriban asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani yake, na moto hauna budi kuyageuza mvuke kwanza kabla ya kupenya. Hilo nalo akasema ni kupoteza fedha.

Shemeji ndiye aliyenifumbua macho. Alichukua kipande cha ubao kilichobaki, nilichokuwa nimekipaka siku moja na kenchi, akakiwekea moto. Rangi haikuvimba hata kidogo. Ilibanduka, ikatoa moshi mweusi, na ubao ukawaka kama kuni. Nilimpigia muuzaji simu jioni ileile; namba haipatikani hadi leo.

Sasa ninaona nilipopaswa kushtuka. Kile kipande kitupu kilikuwa chembamba na kikavu, kilichopakwa kilikuwa kinene na kizito, nadhani kililowekwa maji. Ubao mnene hata usipopakwa chochote hukaa baridi upande wa nyuma kwa muda. Ndoo haina daraja lolote la upimaji wala kiasi cha kupaka kwa kila mita ya mraba, ilhali kinga ya rangi halisi inategemea unene wa tabaka lake. Yapo na mengine, lakini hasira hainipi nafasi ya kuyapanga.

Mtu huyu ashtakiwe na afungwe. Aliyeniuzia kiatu kibovu ningemsamehe, lakini huyu ameziacha familia zikilala chini ya mapaa yanayoweza kuwaka wakati wowote huku zikiamini ziko salama, na haki yake ni kujibu kama mtu aliyehatarisha maisha, si kama tapeli wa sokoni. Nimekwisha kukabidhi polisi kipande kile kilichoungua pamoja na ndoo moja. Ndoo mbili ninazo bado, hazijafunguliwa. Yeyote aliyeuziwa asitupe yake, anitafute tuungane katika shauri hili.