Tathmini ya Mashine ya CNC ya Mezani: Ni Kazi Gani Inayoilipia?

Mashine ninayoitathmini hapa ni ya ukubwa wa kati miongoni mwa CNC za mezani, yaani mashine za kukatia zinazoongozwa na kompyuta: eneo lake la kukatia ni milimita 600 kwa 400, husogezwa kwa skrubu ndefu badala ya mikanda, na kichwa chake hubeba ruta ya kawaida, ileile ambayo seremala huishika mkononi anapotengeneza kingo. Nimeitumia kwa miezi kumi na minne katika karakana ya watu wawili. Kwamba inakata, na tena inakata kwa usahihi, sikulitilia shaka tangu wiki ya kwanza. Kilichonichukua muda mrefu kukijua ni kazi ipi inayorudisha gharama yake.

Muuzaji aliionyesha ikichonga kichwa cha simba kwenye ubao mgumu, nami nikaanza na michongo ya namna hiyo, nikapoteza miezi mitatu. Laiti ningekaa na karatasi na kalamu kabla ya kuahidi bei! Mchongo wa milimita 200 kwa 300 humalizwa kwa biti (kisu kinachozungushwa na ruta) yenye ncha ya mviringo ya milimita 3, ambayo kwa kila mstari husogea sehemu ya kumi ya kipenyo chake, yaani milimita 0.3. Hiyo ni mistari ipatayo 667 yenye urefu wa milimita 300 kila mmoja, jumla ya mita 200 za mwendo, na kwa kasi ya milimita 1,500 kwa dakika zinapita zaidi ya saa mbili, kabla hujahesabu ukwanguaji wa awali, msasa na vanishi. Kukata umbo la kibao cha ukubwa huohuo kutoka kwenye plaiwudi ya milimita 6, kwa mizunguko mitatu ya kina cha milimita 2, ni mita 3 tu, ambazo kwa milimita 1,200 kwa dakika huisha ndani ya dakika mbili na nusu. Mteja wa mchongo hulipa zaidi, lakini sijampata anayelipa mara hamsini zaidi.

Kazi iliyoigeuza mashine hii kuwa na faida haipendezi hata kupigwa picha: violezo vya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) kwa ajili ya mafundi wengine. Seremala anayetengeneza viti hahitaji nimkatie miguu ya viti. Anahitaji kiolezo kimoja kilichonyooka, akibane juu ya ubao wake, kisha aongoze ruta yake yenye beringi ubavuni mwake, mguu baada ya mguu, yote ikifanana. Kiolezo hakipigwi vanishi, hakuna atakayekagua uso wake, na kikichakaa mteja anarudi, wakati mchoro wake ninao tayari kwenye kompyuta. Kwa mantiki hiyohiyo ninakata sponji ngumu za kulalia vifaa ndani ya masanduku, pamoja na paneli zenye matundu mengi ya vipimo vinavyojirudia. Mapato mengi hutoka kwa wenye karakana wenzangu, si kwa wapita njia wanaotafuta zawadi.

Herufi za mabango nazo hulipa, ila hapo mashine inashindana na leza, inayokata kwa mwali mkali wa mwanga, na katika akriliki (plastiki ngumu kama kioo) leza inashinda kwa sababu huacha ukingo unaong'aa, ilhali biti huacha ukingo wenye ukungu unaohitaji kusuguliwa. Mahali ambapo leza haina nafasi ni kwenye mbao nene na mabamba ya plastiki ya PVC, kwa kuwa PVC ikiunguzwa hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine. Alumini inakatika kwa biti ya jino moja na kina kidogo sana, lakini fremu hutetemeka. Siku hizi ninaikataa.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni vibano vilivyokuja nayo, ambavyo ni dhaifu kiasi kwamba kipande changu cha pili kiliruka mezani. Sasa vipande vidogo ninavishika kwa utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye meza na chini ya ubao, na gundi ya haraka katikati yake. Kasoro ya pili ni vumbi: mashine haikuja na kifyonzaji chochote, na unga wa MDF ni laini mno, tena una gundi yenye fomaldehaidi, kwa hiyo kifyonzaji na barakoa nzuri viingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kuhusu biti kuungua, lawama ni yangu. Kwa woga nilikuwa nikipunguza mwendo, kumbe biti ya meno mawili kwenye mizunguko 18,000 kwa dakika inahitaji kama milimita 1,800 kwa dakika ili kila jino ling'oe milimita 0.05, ukienda polepole sana jino linasugua badala ya kukata, na joto linaimaliza.

Jambo moja halikuandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Mota za mashine hii hupokea hatua za kusogea bila kurudisha taarifa ya mahali zilipofika, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikiwaka tena haijui ilipoachia. Nilitoboa mezani matundu mawili ya pini, ambayo ubao huegemezwa kwayo na sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu, hupimwa kutoka hapo, na tangu hapo kazi iliyokatizwa ninaiendeleza bila kuutupa ubao.