Zendaya au Chalamet, nani alipita njia nzuri?

Huu ubishi wa waigizaji wawili wa Marekani, nani aliingia kwenye uigizaji kwa njia nzuri, hauishi. Zendaya, mzaliwa wa Oakland, California, 1996, alianza na tamthilia ya watoto Disney Channel 2010. Timothée Chalamet, mzaliwa wa New York, 1995, yeye kasoma LaGuardia, sekondari ya sanaa ya serikali.

Kwa gharama Chalamet kashinda, LaGuardia hakuna ada ila usaili wake ndo balaa, wakati kina Zendaya ilibidi wahamie Los Angeles kabisa.

Kwa hela ya mapema Disney haina mpinzani, halafu sheria ya California inataka asilimia 15 ya malipo ya mtoto iingie akaunti ambayo hata mzazi haigusi (hapo ndo nimeipenda). Chalamet 2014 bado anapewa vipande vidogo kwenye filamu, jina limekuja kulipuka 2017.

Shida ya Disney ni kuonekana katoto milele, Zendaya kachomoka na tamthilia ya Euphoria, akabeba Emmy (tuzo kubwa ya TV Marekani) 2020 akiwa na miaka 24, ila wengi hunasa.

Kama nyumbani mnahitaji kipato sasa hivi na mzazi anaweza kushinda lokesheni, Disney. Kama mtoto ana subira na anapenda jukwaa, shule.